Mtu Mmoja Mara Mbili

Milcah hakuweza kukaa mahali pamoja. Alikaa, akainuka, akafungua friji, akaifunga bila kutoa kitu, akaishika simu, akaitazama, akailaza kifudifudi mezani, kisha akaigeuza tena. Barua pepe kutoka Amerika haikuwa imefika. Cheryl, mtoto wa shangazi yake, alikuwa ametoka zamu ya kliniki na alichotaka duniani ni kuegemea kochi tu na kunyamaza. Alimvumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Si ukae chini, Milcah. Unanichosha macho," alisema. "Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hii yako inaumiza matumbo ya nyumba nzima."

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Al Thumama, mjini Doha, jirani na uwanja wa ndege. Ndege zilishuka juu ya paa zao tangu asubuhi, na kila moja ilipopita Milcah aliacha kazi yake, maana ilikuwa kazi ya kusikiliza. Alikuwa amegeuza meza ya jikoni kuwa karakana: kisu chenye makali ya kunyolea, uzi mwekundu, bilauri ya maji, na vipande vya tete vilivyotapakaa hadi kwenye sahani ya Cheryl.

Milcah alipiga oboe. Msomaji asiyeijua asione haya. Mama yake mzazi huwaambia majirani kwamba binti anapiga filimbi kwa Waarabu, na mazungumzo huishia hapo. Oboe ni zumari ya Kizungu, mti mweusi uliovishwa vyuma vya rangi ya fedha, na roho yake yote imo katika kitu kidogo kinachochomekwa juu: vipande viwili vya tete vilivyochongwa vikawa vyembamba kama ganda la kitunguu, vikakabiliana, vikafungwa kwa uzi. Zumari hununuliwa dukani. Tete mpigaji hujichongea mwenyewe, kwa sababu hakuna midomo miwili inayofanana, na tete likishaiva huishi wiki moja, mbili kama Mungu amependa, kisha linakufa. Ndiyo maana wapiga oboe wengi ni watu wa kununa. Wenzao wa fidla wakienda kula, wao wamebaki na kisu.

Barua aliyoingojea ilihusu kiti. Amerika, kila okestra kubwa ina viti vitatu au vinne tu vya oboe, na aliyekikalia hatoki mpaka astaafu au azikwe. Mtu anaweza kusoma, akahitimu, akazeeka, kiti anachokitaka kisifunguke. Kikifunguka, wanamiminika watu kutoka kila upande, walimu na wanafunzi wao bega kwa bega, na wanasailiwa nyuma ya pazia. Waamuzi hawaoni uso wala hawaambiwi jina. Mtu ni namba. Chini hutandikwa zulia ili hata kisigino cha kiatu kisiseme kama aliyeingia ni mwanamke. Milcah alilipenda pazia hilo kabla hajaliona. Doha, kila aliposhuka kwenye teksi na kasha lake, madereva walimuuliza anafanya kazi hoteli gani.

Na safari hii kiti kilikuwa kimefunguka kweli, katika mji mmoja wa kaskazini kando ya ziwa: mpigaji wa pili. Hapa Doha alikuwa amekalia kiti cha mwanamke aliyekwenda kwao kulea, na mwenye kiti sasa alikuwa njiani kurudi. Msimu ukiisha, mkataba unaisha, kitambulisho cha ukaazi kinaisha, na Milcah anarudi Nairobi, ambako baba yake alimfundisha zumari hii aliyoiokota katika stoo ya bendi ya polisi kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Nairobi ana ndugu, ana kanisa, ana kila kitu ila kiti. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na alijua kwamba akirudi safari hii hatatoka tena.

Sasa, huyo aliyemfikisha hapo alikuwa Shaun. Shaun ndiye mpigaji wa kwanza wa okestra ya Doha, Mmarekani wa makamo mwenye ndevu za mvi na koti moja analovaa hata kukiwa na joto la kupika yai. Ujanani alipata kiti kwao Amerika. Lakini kule mgeni hujaribiwa misimu miwili, kisha wenzake wanampigia kura, na Shaun walimpigia kura akatoka. Hakuwahi kueleza kwa nini, pengine hakuelezwa. Tangu hapo alizunguka nchi za watu na kasha lake mpaka akatua ghuba. Milcah alipokuja alimwambia amwite Shaun tu. Ulimi ukamkatalia, akamwita Mwalimu, na mzee wa watu akaonekana kupendezwa.

Alimfundisha yote. Kuchonga kwa Kimarekani, ambako tete hukwanguliwa karibu urefu wake wote ili sauti iwe nzito na ya joto, tofauti na ile ya Ulaya iliyo nyembamba. Vipande vinavyopigwa katika kila usaili, vilevile, miaka nenda miaka rudi. Namna ya kuvuta pumzi bila pua kusikika. Naye Milcah alikuwa na cha kurudisha, ingawa hakuna aliyekijua isipokuwa wao wawili. Mikono ya Shaun ilikuwa inatetemeka. Ilianza kidogo, kikombe kikagonga kisahani, kisha ikawa hali. Akishapuliza, vidole vikipata kazi vilitulia vyenyewe. Ukumbini, kutoka viti vya watu, hakuna aliyeona kitu. Lakini kisu kilimshinda. Siku moja alimkuta katika chumba cha mazoezi na matete yaliyochanika miguuni pake. Milcah aliokota kipande kimoja, akakaa, akamchongea. Huu ulikuwa mwaka wa tatu sasa akimchongea, na tete la kwanza lililo bora katika kila kundi lilikuwa la Mwalimu.

Kwa hiyo fikiria hasira yake alipojua kwamba Shaun naye amejiandikisha kuwania kiti kilekile. Hakumficha, alimwambia tu kwenye korido, kama mtu anayekuambia kesho kutakuwa na vumbi, kwamba raundi ya kwanza ni ya rekodi na angetumia chumba cha mazoezi baada yake. Milcah alisema sawa, akaingia chooni, akakaa huko mpaka uso ulipotulia. Hakuwa na haki ya kukasirika na alilijua hilo, na kulijua kulimwongezea hasira.

Lilimpitia wazo la kumchongea vibaya. Ni dhambi ambayo ni mpiga oboe pekee anayeweza kuitenda: kukwangua ncha mara mbili zaidi ya inavyotakiwa, tete likaimba vizuri leo na kukata roho kesho, na hakuna mahakama ya kukushtaki maana matete hufa. Wazo lilikaa naye siku nzima. Mwishowe aliona aibu, na kwa ile aibu akapitiliza upande wa pili. Alipasua bua moja la tete zuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akalichonga likawa matete mawili mapacha, asubuhi moja, kisu kimoja, akayajaribu yote kwa midomo yake mpaka yakawa sawasawa. Moja akapigia rekodi yake. La pili akamwachia Shaun kwenye kiti, na Shaun akaingia chumba kilekile, akapiga vipande vilevile. Milcah alijiona ametenda haki. Haki yenyewe ndiyo iliyomponza.

Barua ilifika Cheryl akiwa ameshasinzia kwenye kochi. Milcah aliisoma amesimama, kisha akaisoma tena amekaa. Ilitoka kwa mtu anayeitwa Chelsea, wa ofisi ya okestra, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na majina ya wenye namba. Alieleza kwa heshima kwamba waamuzi wamependezwa sana na rekodi mbili kati ya zote walizosikiliza na walikuwa tayari kuzipitisha, ila wote kwa kauli moja wamesema ni za mpigaji mmoja. Chumba kimoja, pumzi moja, sauti moja. Wapo watu waliowahi kutuma rekodi mbili kwa majina mawili ili wajiongezee bahati, na kanuni inakataa. Ikiwa kweli Bi Milcah na Bwana Shaun ni watu wawili, basi Alhamisi wajitokeze pamoja mbele ya kamera, kila mmoja na oboe yake, wapige kipande kimoja mmoja baada ya mwingine. La sivyo, namba zote mbili zitafutwa.

Cheryl aliamshwa kwa kicheko. Hakikuwa cha furaha.

"Wanasema mimi ni mzee wa Kizungu," Milcah alimwambia.

Kesho yake alipanda metro hadi Al Wakrah, kisha basi hadi Al Wukair, ambako Shaun alipanga nyumba ndogo ndani ya ua wenye geti. Njiani alipanga la kusema. Dakika chache tu, Mwalimu. Tunakaa, tunapiga, tunaaga. Shaun alimfungulia mlango na kabla ya salamu akasema ameisoma. Akamimina kahawa nusu kikombe, maana kikombe kilichojaa alikuwa ameshaacha kukibeba mbele za watu, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

Walizungumza Kiingereza, lakini machungu hayana lugha. Shaun alisema hatatokea. Alisema angeweza kuwaandikia kwamba anajitoa, Milcah abaki. Milcah akamwonyesha kwamba kujitoa sasa ni kama kukiri namba ile ilikuwa ya bandia, na barua imesema wazi kuwa zitafutwa zote. Shaun akakubali kuwa ni kweli. Akatazama mikono yake iliyolala mezani ikicheza peke yake.

"Dunia ya oboe kule ni kijiji," alisema hatimaye. "Huyu Chelsea ataona. Atamwambia mtu mmoja tu, kwa huruma, na huruma ndiyo mbaya zaidi. Wiki haitaisha kabla kila mwenye oboe Amerika hajajua kwamba Shaun anatetemeka. Nyuma ya pazia hawaoni mikono, Milcah. Pale tu. Hapa wameshaanza kunitazama."

"Na mimi je? Usipokaa karibu nami, mimi sipo. Wanadhani mimi ni wewe."

Hapo hasira yote ya wiki zile ikapanda, na Milcah akasema neno ambalo hakuwa amelipanga njiani. Alimwambia kwamba bila kisu chake yeye Milcah, Shaun angeshatoka hata hapa Doha. Alilisema polepole, kwa sauti ya chini, kwa namna ambayo mtu hawezi kusingizia kwamba limemponyoka. Shaun aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyesahihishwa. Milcah akachukua mkoba wake akatoka, na kwenye kituo cha basi alitamani kurudi kuomba radhi, na alitamani pia kurudi kuongeza.

Cheryl aliposimuliwa hakumhurumia hata mmoja. Alisema kazini kwake wapo wagonjwa wa namna hiyo, wanaoficha mpaka dawa inakuja kuchelewa.

"Mficha uchi hazai," alisema, akikunja sare zake. "Na wewe miaka yote hiyo umekuwa shuka yake. Sasa shuka inashangaa hakuna anayeiona."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu halikuwa na mzaha ndani yake. Alipobaki peke yake alifanya jambo ambalo alikuwa akilikwepa tangu barua ifike. Alikuwa na nakala za rekodi zote mbili. Shaun alikuwa amemtumia yake aisikilize, kama walivyozoea. Akavaa visikilizio, akafumba macho, akaiacha simu iteue yenyewe. Kipande cha kwanza kilianza, polepole, ile noti ndefu inayotoka kimyakimya na kukua. Alijitambua mara moja. Akatabasamu hata, alipenda alivyoinua ile noti ya tatu. Akafumbua macho akaangalia kioo cha simu. Ilikuwa ya Shaun.

Akasikiliza tena, mara nyingi, kwa kubahatisha. Alikosea nusu ya mara. Basi waamuzi hawakuwa na makosa, aliwaza. Amekuja Doha na kitu chake, kidogo, cha stoo ya bendi ya polisi, na amekikwangua siku baada ya siku kwenye meza hii mpaka kikaisha, na kilichobaki ni nakala ya mzee aliyeshindwa kura. Hata akipewa kiti, nani atakikalia? Alijisikia mwizi na aliyeibiwa, vyote kwa pamoja, na hakujua alie kwa lipi.

Siku zilizofuata alichonga kama mtu anayechimba kutoka shimoni. Alibadilisha kila kitu. Akafupisha ncha, tete likapiga kelele. Akaacha mgongo mnene, likaziba. Akajaribu namna ya Ulaya, likatoa sauti nzuri ya mtu asiyemjua kabisa. Kiyoyozi kiliyakausha akiwa amegeuka tu, na alipofungua dirisha unyevu wa ghuba ukayavimbisha. Hakulala vizuri, alikula amesimama, na mazoezini alikaa upande wa kushoto wa Shaun wakitazamana na karatasi zao bila kugusana hata kwa macho. Shaun alitoa noti ya A, ile ambayo okestra nzima huikimbilia kulinganisha vyombo, na watu wote wakaifuata, fidla, tarumbeta, na Milcah akiwemo. Tete alilolipulizia lilikuwa limechongwa jikoni Al Thumama. Baada ya mazoezi Milcah aliweka oboe yake kwenye kasha na kuondoka bila kumuuliza chochote kuhusu Alhamisi, kwa kuogopa kupata jibu.

Alhamisi saa kumi na moja jioni alikaa peke yake katika chumba kidogo cha mazoezi, kompyuta mbele yake. Kule kwa Chelsea ilikuwa asubuhi, theluji dirishani nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa miwani, mwenye kikombe kikubwa na sauti ya mtu aliyezoea kuwapa watu habari mbaya taratibu. Akauliza mwenzake yuko wapi. Milcah akasema yuko njiani. Hakuwa na hakika kama ni uongo. Chelsea akasema angeweza kusubiri kidogo.

Milcah aliinuka, akachungulia korido, akarudi. Akalowesha tete. Akainuka tena. Chelsea alimuuliza kama Bwana Shaun anajua kwamba wanamngoja, na Milcah akajibu anajua. Aliongeza kwamba Mwalimu si mtu wa kuchelewa, na sauti yake mwenyewe ikamsaliti katikati ya sentensi. Upande wa pili Chelsea alivua miwani. Alianza kusema kwamba anasikitika, kwamba pengine ni vyema waishie hapo, na Milcah akaona wazi mbele yake jinsi mambo yatakavyokuwa: sanduku, uwanja wa ndege, mama yake akiwaambia majirani binti amerudi.

Mlango ukafunguka. Shaun alikuwa amevaa shati jeupe la tamasha, limenyooshwa, bila lile koti lake. Hakumtazama Milcah. Alivuta kiti akakaa karibu naye mpaka wote wawili wakaenea kwenye kioo cha kompyuta, akamsalimu Chelsea, akafungua kasha.

Vipande vitatu vya oboe vinaunganishwa kwa muda wa kupiga chafya mbili. Shaun vilimchukua muda ambao hakuna aliyeweza kujifanya hauoni. Mti uligongana na mti. Alipofika kwenye tete, likagonga ukingo wa tundu, likakosa, likagonga tena, sauti ndogo kama ya kuku anayedonoa bati. Milcah akanyoosha mkono amsaidie.

"Acha," Shaun alimwambia. "Aone."

Likaingia. Akavuta pumzi, akapiga. Vidole vilitulia kama kawaida yao, na ile noti ndefu ikatoka kimyakimya ikakua. Alipomaliza aliishusha zumari na mikono ikaanza tena mbele ya kamera. Milcah akapiga baada yake. Hakuwa na tete jingine la kuaminika ila yale ya kila siku, akapiga alivyojua, na alisikia kwa masikio yake mwenyewe kwamba ilikuwa sauti ileile. Alipomaliza hakuthubutu kuinua uso.

Chelsea alisogeza kikombe chake kando. Akasema yeye si mpigaji, ni mtu wa ofisi tu, lakini wamsamehe: watu anawaona wawili, na bado anamsikia mmoja. Angependa kuelewa, maana itabidi aandike neno.

Milcah alikuwa nalo jibu tayari. Yeye ni mwanafunzi, yule ni mwalimu, na mwanafunzi ameiga kupita kiasi. Alikuwa amefungua kinywa alitamke, Shaun alipomtangulia.

"Mikono yangu umeiona," Shaun alimwambia Chelsea. "Huu mwaka wa tatu sijachonga tete langu mwenyewe. Ninayopigia anachonga huyu. Anayajaribu kwa midomo yake yeye mpaka yanamkubali, ndipo ananipa. Mtu hawezi kupiga tete la mwingine bila kuufuata mdomo wa mwenyewe, na mimi nimemfuata. Nilikuwa na sauti nyingine kabla yake; wazee wa kule wataikumbuka, na hawakuipenda. Waambie waamuzi wako masikio yao ni mazima. Wamemsikia mtu mmoja mara mbili. Mara zote mbili ni yeye."

Milcah alilia. Hakujificha wala hakugeuka, alilia waziwazi mbele ya mwanamke asiyemjua, na kilichomliza hakikuwa furaha peke yake. Alikuwa amemtukana mtu huyu nyumbani kwake. Alikuwa amejitafuta kwenye meza ya jikoni kama aliyepoteza ufunguo, na kumbe mzee alijua siku zote mahali ulipo, na alinyamaza kwa kuwa kusema kungemvua nguo.

Chelsea alivaa miwani yake. Alisema ataandika kwamba wapigaji ni wawili, basi, na waamuzi hawataambiwa zaidi ya hapo. Kanuni haisemi tete lichongwe na nani. Rekodi zilikuwa zimeshapita. Wote wawili watapokea mwaliko wa kusafiri kwa raundi ya pazia, kila mmoja na namba mpya. Akawatakia jioni njema, akaangalia mikono ya Shaun mara moja tu, kwa haraka, akatoweka.

Walikaa. Huko nje mtu wa usafi alikuwa akisukuma ndoo yake koridoni. Milcah alijifuta uso kwa kiganja, akaomba radhi kwa yale ya Al Wukair. Shaun akasema yalikuwa kweli, na kwamba ukweli wake ulimnyima usingizi. Milcah akasema ataanza kuchonga kesho. Atatenga bua zuri, atachonga matete ya wote wawili ya kutosha safari, na ya baridi ya kule atayaacha manene kidogo.

"Hapana," Shaun alisema.

Milcah alidhani hakumsikia vizuri. Shaun akaeleza bila ukali. Kama atakwenda na matete ya Milcah, nyuma ya pazia watakuwa Milcah wawili, na mmoja wao atamwibia mwingine kiti. Angeweza kushinda hivyo. Aliamini hivyo kabisa, na ndivyo alivyokuwa amepanga. Lakini amekwisha kusema kwa kinywa chake kwamba sauti ile si yake, na mtu hawezi kusema neno kama hilo saa kumi na moja kisha akalisahau saa kumi na mbili. Atakwenda, hajitoi ng'o. Atakwenda na tete lake mwenyewe, hata likilia kama mbuzi.

Akainama kwenye kasha akatoa kisu cha zamani ambacho Milcah hakuwa amekiona mkononi mwake tangu siku ile ya matete yaliyochanika. Akachukua kipande kilichofungwa uzi tayari, akakiegemeza kwenye kidole gumba, akaweka makali. Kisu kiliruka. Akaweka tena. Ukwanguo wa kwanza ulikwenda kombo, wa pili ukaacha alama, wa tatu ukatoa unga mwembamba kama unavyotakiwa. Kidole kilitoka damu kidogo, akakinyonya, akaendelea. Milcah aliona kila kosa kabla halijatendeka. Alijua pa kukwangua, alijua ni mara ngapi, na ingemchukua dakika tano kulimaliza. Mikono yake yote miwili ilimwasha kwa kutaka kumpokonya kile kisu.

Shaun alilitia tete mdomoni, akapuliza. Likalia kama mbuzi kweli. Akalitazama, akachukua kisu, akaanza upya upande wa pili, wala hakuomba kitu. Milcah akaibana mikono yake katikati ya magoti, akakaa kitako, akamwacha achonge.